Zulia la Mama na Chupa ya Petroli

Sisi tuliokulia Nyakato miaka ya tisini, wakati maduka ya mjini yalipoanza kufurika vitu vya kutoka nje, tunajua kwamba zulia halikuwa kitu cha kukanyaga. Lilikuwa kitu cha kuwa nacho. La kwetu lilikuwa jekundu lenye maua ya kijani. Baba alilibeba begani kutoka madukani Mirongo, mjini, kwa miguu, na mtaa mzima ukatoka nje kulitazama likipita. Tangu siku hiyo lilikaa juu ya kabati, limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani, likisubiri wageni. Tena si kila mgeni. Mgeni wa kawaida alikalishwa kwenye kochi, miguu yake ikapumzika juu ya saruji.

Likishushwa, Mama alisimama mlangoni kama askari. "Vueni ndala!" alisema. "Na miguu nayo vueni, kama mnaweza!" Tulilala juu yake kifudifudi, tukiinusa ile harufu yake ya dukani, tukiendesha magari ya waya kwenye barabara za maua mpaka mashavu yakabaki na alama za nyuzi. Watoto wa siku hizi wanakanyaga zulia na viatu, mkononi wana chipsi, na ukiwasemesha wanakuuliza kwani tatizo ni nini.

Baba alitangulia kufariki, Mama akamfuata mwaka uliofuata. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliacha shule kidato cha pili nikaanza kukaanga na kuuza mapanki, yale mabaki ya sangara, vichwa na mifupa, yanayobaki viwandani minofu ikishasafirishwa Ulaya. Nyuma yangu walikuwepo pacha wa miaka kumi, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kula nilichokuwa nauza.

Baada ya matanga, wazee walikaa wakaamua kwamba Shangazi, dada yake Baba aliyekuwa akiishi Sengerema, aje atuangalie. Akikuta nyumba inakwenda, tungeachwa pamoja. Akikuta haiendi, Kulwa angepelekwa Bariadi kwa baba mdogo kuchunga ng'ombe, Doto angekwenda naye Sengerema, na mimi ningebaki na kabati.

Alisema angekuja Jumamosi kwa kivuko cha mchana kutoka Busisi. Basi Jumamosi asubuhi nilifagia mpaka nje ya uzio wa jirani. Nilipiga pasi vitambaa vya makochi, nikakaanga sato wawili wakubwa, nikalishusha zulia. Kisha nikatoka kuteka maji, nikawaachia pacha neno moja tu: "Msiguse kitu."

Hawakugusa kitu. Waligusa vyote. Waliamua kufanya mazoezi ya kumpokea mgeni. Niliporudi na ndoo yangu nilimkuta Doto amejifunga kanga tatu ili apate makalio ya Shangazi, amekaa katikati ya zulia amenuna. Kulwa alikuwa anaingia kutoka uani, amebeba samaki. Kwa kuwa hakuona sahani, alibeba karai lenyewe na mafuta yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wewe ni yupi, Kulwa au Doto?"

"Mimi Kulwa, Shangazi. Doto ni yule mbaya."

"Nyamaza! Hebu sogea nikuone. Mbona umekonda kama fagio la chelewa?"

Kulwa akaangua kicheko, na karai likainama. Samaki tuliwaokoa. Mafuta yaliingia kwenye zulia bila hata kubisha hodi, yakaacha doa kubwa kama sinia ya pilau.

Doto akaanza kulia. "Mimi siendi Sengerema," alisema, bado na kanga zake tatu. Hakuna aliyekuwa amemtajia Sengerema.

Nilifanya kwanza alichokuwa akifanya Mama: nikamwagia unga wa sembe ili unyonye mafuta. Ilikuwa sawa kabisa, ila unga unataka muda, na Kulwa alihesabu mpaka hamsini akasema umekaa vya kutosha. Tukaukung'uta, tukamwaga maji ya moto na sabuni ya unga, tukasugua kwa nguvu zote za familia. Doa likahama kutoka ua la kwanza kwenda la pili, likamchukua na jirani yake.

"Dada," Kulwa akasema, "kwa fundi pikipiki wananawa mikono kwa petroli. Na ile mikono ina mafuta kuliko hapa." Kabla sijajibu alishatoka. Alirudi na chupa ya soda iliyozibwa kwa kipande cha gunzi.

Hapo ndipo akili yangu ilipoaga. Ili majirani wasisikie harufu wakamsimulia Shangazi, nilifunga mlango na madirisha yote. Kisha tukapiga magoti, kila mtu na tambara lake, tukamwaga petroli na kusugua. Niseme kweli, doa lilififia. Tulifurahi mno. Tulifurahi kupita kiasi, kwa sababu baada ya muda Doto alikaa chini akasema, "Dada, maua yanatembea."

"Yanakwenda Bariadi," Kulwa akamjibu, na wote wawili wakabingirika kwa kicheko. Nami nikacheka mpaka machozi, huku kichwa kinagonga kama kinu na miguu siisikii. Sikujua kwamba tumelewa moshi usioonekana. Nilidhani ni furaha ya ushindi.

Zulia lilikuwa limelowa, na muda unakwenda. Nguo ikilowa unafanyaje? Unaipiga pasi. Ndivyo tulivyokausha sare za shule asubuhi za mvua. Na pasi yangu ya mkaa ilikuwa kibarazani, makaa bado mekundu. Nilitoka, nikayumba kidogo, nikaishika, nikageuka kurudi ndani.

"Simama hapo hapo!"

Alikuwa Shangazi, mita chache nyuma yangu, na kikapu chake kichwani. Alikuwa amewahi kivuko cha asubuhi.

"Shikamoo, Shanga..."

"Marahaba baadaye! Weka hiyo pasi chini. Taratibu. Sasa njoo huku kwangu." Nikaenda. Alipita kando yangu, akaingia ndani akiifuata harufu ya petroli, akafungua madirisha yote, akatoka na pacha, mmoja kila kwapa, bado wanacheka. Kulwa alipofika nje alitapika kwenye maua aliyopanda Mama. Jirani alikuja mbio na kikombe cha maziwa. "Maziwa ya nini?" Shangazi akasema. "Petroli hawajainywa, wameivuta. Wape hewa."

Akapandisha mkono wa gauni lake. Kuanzia kiwiko mpaka begani ngozi ilikuwa imekunjamana kama karatasi. "Hiki kilikuwa kibatari," alisema. "Aliyeniuzia mafuta ya taa aliyachanganya na petroli. Kibatari kidogo tu. Wewe ulikuwa unapeleka pasi nzima."

Alituamuru tulitandaze zulia juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, mbali na jiko, upepo wa ziwa ulipige. Harufu ilipokwisha alimwaga sembe, akakaa kwenye kigoda na kutulazimisha tusubiri mpaka jua lilipoanza kuinama. Kisha alipangusa kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kutoka pembeni kuja katikati. Mafuta yakatoka. Ua moja tu lilibaki limepauka, kwa maji yetu ya moto na petroli yetu.

"Nani alimwaga?"

"Mimi," Kulwa akasema.

"Mimi ndiye niliyekuwa Shangazi," Doto akasema.

"Petroli niliruhusu mimi," nikasema. "Tuliogopa ungetugawanya."

"Nilikuja kuchukua watoto wawili," Shangazi akasema. "Nimekuta watatu wako tayari kujichoma ili wabaki pamoja. Nikiwatenganisha si mtachoma na kivuko?" Akaviringisha zulia, akalifunga kamba. "Nitaondoka na hili. Wazee wakiniuliza, nitawaambia nimechukua kilichokuwa kinawasumbua."

Kesho yake tulimsindikiza mpaka Kigongo, kivukoni upande wetu wa ziwa. Kulwa alibeba zulia begani, akalipandisha kwenye kivuko, akashuka mikono mitupu akiruka kama mwanambuzi. Tukarudi kwenye sakafu yetu ya saruji, tukakaanga na kumwaga tulivyotaka.

Siku hizi kila mmoja wetu ana zulia lake. La Doto liko Arusha, na wanawe wanalipulizia dawa ya kopo ya kutoa madoa madirisha yakiwa yamefungwa, eti baridi. Nawapigia simu kuwafokea wayafungue, wananiita mshamba. La Kulwa liko Dar. La kwangu liko hapa Nyakato, safi, halina hata tone. Hakuna aliyetugawanya. Ni kazi, ndoa na nauli. Ningekuwa na uwezo, ningewaita wote wawili waje wamwage kitu.