Kofia ya Mngoni na Malimba ya Babu

Enzi zetu mtu hakupanda meli ili apumzike. Ulisafiri kwa sababu: umefiwa, unaumwa, umeitwa barazani, au unamfuata mume aliyepotelea kwenye mashamba ya mkonge. Kwa hiyo Mjomba Ismaili alipotangaza kwamba amepata likizo na atatuchukua mimi na mama kwenda Dar es Salaam kutembea tu, majirani zetu pale kambini Nachingwea walikuja mmoja mmoja kutupa pole. "Nani amefariki?" Mama akajibu hakuna. Wakatazamana, wakaondoka wakiwa na hakika kwamba tunaficha msiba.

Mjomba alikuwa dereva wa trekta kwenye yale mashamba makubwa ya karanga. Karanga zenyewe zilikuwa zimeshagoma na Wazungu wengi wameshafunga virago, lakini matrekta machache yalibaki yakilima, naye akabaki nayo. Baba yangu alikuwa Ruangwa na mke mwingine, sina neno naye. Kwetu Wamwera mjomba ndiye mwenye watoto, na Mjomba Ismaili alitulea vizuri, mimi na makelele yangu yote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi, jina langu Somoe, miguu imejaa makovu ya visiki.

Kambini tulikuwa watoto wa kila kabila, ndiyo maana Kiswahili changu kilinyooka mapema. Tulicheza mdako na rede mpaka vumbi jekundu likaingia kwenye meno. Siku zisizo za shule nilikwenda kwa bibi mzaa mama, kijijini Lionja, kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, na kubanika korosho. Korosho za kubanika zinaunguza vidole na kutia weusi mdomoni, na wajukuu zangu leo wananunua zilizomenywa kwenye vipakiti wanasema ni tamu. Haya, waacheni.

Pale Lionja ndipo yalipokuwa malimba ya babu. Kibao cha mninga, vyuma kumi vya kupigwa kwa vidole gumba alivyoviponda mwenyewe kutoka kwenye mbavu za mwavuli, na nyuma tundu aliloliziba kwa utando wa buibui ili sauti itoke na mkwaruzo kidogo. Babu hakuwa na mjukuu wa kiume wa karibu, akanifundisha mimi. Watu walisema mtoto wa kike na malimba wapi na wapi. Babu akawaambia vidole havina jando wala unyago, waende zao. Alipofariki, malimba yakabaki yametundikwa kwa bibi, nami nilikuwa nikiyapiga hapo hapo ukumbini, nikimaliza narudisha.

Kwa hiyo bibi aliponikabidhi niende nayo safari nilishangaa. Akanishika mkono kwa nguvu. "Ukachangamshe njia," akasema. "Lakini sikiliza, Somoe. Babu yako hakuacha picha. Aliacha haya. Ukiyapoteza umempoteza yeye." Niliapa kwa Mungu mara tatu.

Treni ilitufikisha Mtwara, nasi tukapanda meli asubuhi, abiria wa deki, mkeka wetu chini na kapu la mihogo ubavuni. Nilidhani nitaona maajabu. Ajabu la kwanza lilikuwa Mjomba. Mtu aliyekuwa akiendesha dude la chuma linalong'oa miti alilala chali kabla hatujapoteza nchi kavu machoni, kanga ya mama usoni, akiomba ardhi isimame. Mama naye akalala pembeni yake. Mimi bahari haikunifanya kitu. Nikasogea hatua chache penye upepo, nikakaa juu ya furushi, nikaanza kupiga.

Sijui kama mmewahi kupiga malimba baharini. Nchi kavu sauti yake inabaki uani. Pale upepo uliichukua ikaenda mpaka kwa watu wasiotujua, wengine wakageuka, mama mmoja akaanza kutikisa mabega. Nilijisikia mkubwa, siwafichi.

Ndipo akaja bwana mmoja mrefu, kofia ya pama kichwani, unyoya wa kanga umechomekwa ubavuni. Akasikiliza kidogo. "We mtoto, kabila gani?"

"Mmwera."

Akapiga makofi. "Ala! Kumbe watumwa wetu! Babu zenu walikimbia wakatuachia kila kitu, haya nyinyi mmeyapata wapi? Lete hapa!" Akayanyakua malimba, akayaweka kwapani. "Mimi Mngoni. Cha Mmwera ni changu. Na wewe mwenyewe jiandae, tunashuka wote."

Hapa lazima niwaeleze nilikuwa mtoto wa namna gani. Bibi alikuwa akitusimulia jinsi Wangoni walivyovamia zamani, watu wakajificha vilimani na kuwaziba watoto midomo wasilie. Kwangu mimi Mngoni alikuwa yule wa hadithi. Utani niliujua, lakini niliujua wa msibani, ule wa watani kujilaza kaburini na kudai kuku. Hakuna aliyeniambia kwamba utani unapanda meli. Nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka Mikindani: "Mwizi! Mwizi jamani!"

Neno hilo lilikuwa zito, na bado ni zito. Mabaharia wakamrukia. Yule bwana alikuwa bado anacheka, akasema, "Jamani, huyu mtani wangu," lakini mabaharia wale walikuwa watu wa visiwani, mambo yetu ya bara hayakuwahusu. Akaja ofisa wa meli, Mzungu mwenye nguo nyeupe pe, na karani wake wa kumtafsiria. Akauliza swali moja: alichukua kwa ruhusa au bila ruhusa? Watu wakasema bila ruhusa. Basi, akaamuru afungiwe kwenye stoo ya kamba, tukifika Lindi akabidhiwe polisi. Na malimba? Nikanyoosha mikono. Karani akanisukuma taratibu. Malimba ni ushahidi, yatashuka Lindi pamoja na mwizi.

Hapo ndipo nilipolia kilio cha kweli. Mama akaamka, nikamweleza huku nimejaa kamasi. Nilitegemea anibembeleze. Akanitazama kama aliyemwagiwa maji.

"Umemwita mtani mwizi? Mwizi, Somoe?"

"Amechukua malimba ya babu, mama. Amesema atanichukua na mimi."

"Si ndiyo kazi yake! Alitaka umtukane, ucheke, umpe muhogo, akurudishie! Sasa mtani wetu anafungwa kwa mdomo wetu. Siku tukifa atakuja nani? Tuzikwe kimya kama mbwa?"

Mjomba akainuka. Uso ulikuwa wa kijivu, lakini aliinuka, akaniburuta mkono mpaka kwa ofisa. Kiingereza chake kilikuwa cha trekta: grisi, spana, giya. Akakiacha, akamwambia karani kwa Kiswahili, "Mweleze Bwana Mkubwa, huyu ni mwizi, sawa, lakini ni mwizi wetu. Ana haki ya kutuibia." Karani akatafsiri. Mzungu akauliza kama mzee huyu ni mgonjwa. Karani akasema ndiyo, anatapika tangu asubuhi.

Mbele yetu, kwa upande wa kushoto, Lindi ilikuwa imeshaanza kuonekana. Yule Mngoni akatolewa stoo, mikono imeshikwa na mabaharia wawili. Jina lake lilikuwa Bwana Komba, kibarua wa bandarini Mtwara aliyekuwa akirudi kwao Songea kwa kuzungukia Dar es Salaam. Hakuwa anacheka tena. Hakunikasirikia pia, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama kwa huzuni, kama mtu aliyekuja kwa ndugu akafungiwa mlango.

Ofisa akaniinamia. Karani akasema, "Sema wewe mwenye mali. Huyu ameiba, hakuiba?"

Nikisema hakuiba, nimeshapiga kelele meli nzima ikasikia, mimi ni mwongo. Nikisema ameiba, mtani anakwenda jela na malimba ya babu yanakwenda naye. Nilimtazama mama, mama akatazama bahari. Wallahi sikuwaza. Nilipanda kwenye kiti cha karani, nikaikwapua ile kofia ya pama kichwani kwa Bwana Komba, nikaivaa mwenyewe ikanifunika mpaka puani, nikasema, "Na mimi nimemwibia. Mngoni gani huyu anaibiwa na mtoto? Tufungeni wote wawili!"

Bwana Komba akaachia kicheko ambacho sijasikia kingine kama hicho tena, akainama, machozi yanamtoka. "Mnaona?" akawa anasema. "Mnaona watumwa wetu walivyo na adabu mbaya?" Mjomba akacheka, mama akacheka, abiria waliokuwa wakichungulia wakaangua vicheko, mpaka mabaharia wakamwachia mikono. Mzungu akamtazama karani, karani akapandisha mabega. Akasema kitu kifupi, akaenda zake. Karani hakukitafsiri.

Malimba nilirudishiwa, lakini si bure. Bwana Komba alisema nimemtia stoo kwenye panya, kwa hiyo nitapiga mpaka yeye atakaposema basi. Nikapiga mpaka tukatia nanga Lindi, nikapiga tena tulipong'oa, kofia imenikalia masikioni, naye akitunga nyimbo za kutusimanga Wamwera, jinsi tunavyochimba ming'oko na kuiogopa bahari. Mjomba alijibu kwa kulala. Watu wa deki wakacheza pale penye kamba na mapipa, watu wa kila kabila, wengine hawakuelewa hata neno. Dar es Salaam yenyewe naikumbuka kidogo sana: taa, na maembe ya ghali. Meli naikumbuka yote.

Tulipoagana gatini nilimpa kofia yake. Akaikataa. "Kaa nayo. Mkifiwa nitaifuata."

Na aliifuata. Miaka mingi baadaye Mjomba Ismaili alifariki Nachingwea, na kabla hatujamshusha akatokea mzee mrefu, kichwa wazi, habari ya msiba ilimkuta akipita safarini, akaingia mwenyewe kaburini akalala. Hatoki, akasema, mpaka kofia yake ije. Mimi nilikuwa mama wa watoto wanne. Nilikimbia nyumbani kuichukua huku nalia na kucheka, na watu wote pale makaburini walikuwa hivyo hivyo. Akaivaa, akatoka, tukamzika Mjomba. Kisha akanivika mimi tena. "Bado wewe," akasema.

Lakini yeye alitangulia. Barua kutoka Songea ilitufikia mwezi mzima baada ya maziko. Hakuna Mmwera hata mmoja aliyekwenda kulala kwenye kaburi la Bwana Komba. Alizikwa kimya. Hilo linanichoma mpaka leo.

Siku hizi lami ipo, simu ipo, habari ya msiba inafika kabla maiti haijapoa. Mjukuu wangu juzi alipanda boti ya kwenda Unguja kupumzika, akanionyesha picha: watu mia, kila mmoja na vidude vyake masikioni, anasikiliza muziki wake peke yake. Nikamuuliza, hakuna aliyekunyang'anya kitu? Akasema, "Bibi, ulinzi ni mkali." Nikamuuliza watani wetu ni akina nani. Akanitajia timu ya mpira.

Malimba yametundikwa sebuleni, kofia juu yake, unyoya umebaki kijiti tu. Nimewakalisha watoto nikawaambia: siku yangu ikifika, akiingia mgeni msiyemjua, akayakwapua bila hodi na kuwaita watumwa wake, asipigiwe kelele. Mpeni na kofia, na mwonyesheni njia ya makaburini.