Kumtafuta Mwizi wa Umeme

Mpaka leo naikumbuka sauti ya mashine ya kusaga ikiishiwa nguvu. Haikuwa inazimika ghafla. Ilianza kushuka taratibu kutoka kwenye mngurumo wake wa kawaida mpaka ikawa inakoroma, halafu mkanda ukawa unapiga pap, pap, pap kama kandambili za mtu aliyechoka. Hapo mwenye mashine akatoka mlangoni, uso mzima unga, akapiga kelele, "Acheni kumimina! Mtaniunguzia mota!"

Wanawake tuliokuwa kwenye foleni tukatazamana. Hakuna aliyetaja jina la mtu, ila macho yote yalihamia ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha bati cha fundi wa kuchomelea.

Kwetu ni juu ya Ngaramtoni, upande ambao ukiutazama Mlima Meru unaona kama umekuinamia. Umeme wetu siyo wa mjini. Ni wa ushirika wetu wenyewe, na mimi ni mwanachama, ingawa shule niliishia kidato cha pili. Maji yanachepushwa mtoni, yanapita kwenye mfereji wa zamani uliochimbwa na wazee wetu kwa ajili ya mashamba, yanaingia kwenye tenki, kisha yanashuka na bomba kwa kasi mpaka kwenye mtambo wa kufua umeme. Mchana tunagawana: mengine yanakwenda mtamboni, mengine shambani, kila bustani kwa zamu yake. Ikifika saa kumi na moja jioni kila mlango wa maji wa kuingia bustanini unazibwa kwa udongo na kipande cha mgomba, na mfereji mzima unakuwa wa mtambo. Ndiyo sheria. Jioni ndipo kila nyumba inawasha taa.

Na jioni ndipo umeme ulipoanza kunywea. Balbu zikawa na rangi ya chai. Redio zikasema nusu sentensi. Mimi nilikuwa na ndoto yangu ya friji la mlango wa kioo, niuze mtindi na barafu za ukwaju pale kwenye njia panda, nimeshachagua hata rangi ya viti. Nikitazama ile balbu ya chai nilikuwa naona mtindi wangu unachacha kabla sijanunua friji lenyewe.

Ubaya ni kwamba jambo lile lilitukuta wakati mbaya. Ushirika ulikuwa umeomba tuunganishwe na laini kubwa inayofuata barabara ya Nairobi, ili mto ukipungua wakati wa kiangazi zahanati isikae gizani, na tuuziwe kwa bei anayoiweza mtu wa jembe. Wageni kutoka shirika la umeme walikuwa wanakuja kututazama. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alituambia kikaoni, "Hatuwezi kudai umeme wa uhakika kwa watu wakati wa kwetu wenyewe unakonyeza. Watatucheka. Mwizi apatikane kabla hawajafika."

"Mwizi si anajulikana?" alisema mwenye mashine ya kusaga. "Yule chalii wa Ngarenaro."

Fundi hakuwa wa Ngarenaro. Alizaliwa hapa hapa. Alikwenda Ngarenaro, kule Arusha mjini, kujifunza kazi kwenye karakana za kule, akarudi mama yake alipopooza mguu. Lakini alirudi na mashine ya kuchomelea, suruali za kubana na namna fulani ya kucheka, basi akawa wa Ngarenaro. Kikao kikaamua kwamba asiporekebisha mambo atakatiwa waya. Wote tulijua maana yake. Fundi wa kuchomelea asiye na umeme atafanya nini kijijini? Angerudi mjini, na mama yake angebaki peke yake na ule mguu.

Baada ya kikao mwenyekiti akaniita pembeni. "Wewe binti unaingia kila nyumba na hakuna mbwa anayebweka. Pita pita jioni. Cheka nao. Halafu utaniambia umeona nini."

Nikakubali. Sijui kwa nini niliona ni heshima.

Kupeleleza majirani kunakubadilisha upesi sana. Nyumba nilizokuwa naingia kunywa chai, sasa nilikuwa naingia kuhesabu soketi. Nilimshuku mwenye duka kwa sababu pazia lake la nyuma halikufunguliwa kamwe. Nilimshuku mama mmoja jirani yetu, mama mnene mcheshi, kwa sababu jioni alikuwa anapika na hakukuwa na moshi. Nikasema lazima ana jiko la koili. Nikaenda.

"Yeyo, mama yangu, shikamoo. Leo unapika bila moshi?"

"Marahaba. Napikia imani, mwanangu."

Tukacheka wote. Alipotoka kuchukua chumvi nikainua kitambaa kilichofunika jiko. Mkaa. Mkaa mwekundu kabisa, umewaka vizuri, ndiyo maana hakukuwa na moshi. Nikageuka, nikamkuta amesimama mlangoni na chumvi mkononi.

"Ulikuja kunisalimia," alisema taratibu, "au kunikagua?"

Alinipa viazi vya kupeleka nyumbani, kama kawaida yake, ila siku ile hakunisindikiza.

Jioni iliyofuata nikaenda kwa fundi. Nilifika bado kuna mwanga, kibanda kipo wazi, yeye amekaa juu ya geti alilokuwa hajalimaliza, anakula mhogo.

"Karibu, mkaguzi," aliniambia.

"Nani kakwambia mimi mkaguzi?"

"Dada, hujawahi kuja hapa hata siku moja. Leo umekuja umepaka mafuta." Akasogea. "Njoo. Gusa mashine."

Nikagusa. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Waya wake ulikuwa umekunjwa na kuning'inizwa msumarini. Tukiwa tumesimama pale, balbu ya kibanda ikaanza kushuka, polepole, mpaka ikawa rangi ya chai. Ng'ambo ya barabara mashine ya kusaga ikaanza kukoroma.

"Umeona?" alisema. "Nikiwasha inanywea, nikizima inanywea. Lakini nimetoka Ngarenaro, kwa hiyo ni mimi."

Ningependa kusema nilimwamini. Sikumwamini. Nilijiambia fundi hakosi ujanja, lazima kuna waya mwingine. Nikaaga, nikazunguka nyuma ya nyumba nikijifanya natafuta choo, nikapekua ukuta kwa macho toka juu mpaka chini. Hapakuwa na waya. Alikuwepo mama yake, amekaa kwenye gogo, mguu ameunyoosha, anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti watamkatia lini?"

"Bado hawajasema, mama."

"Ukisikia uniambie mapema. Nimfulie nguo za safari, zikauke."

Nilitoka pale nikitembea haraka, maana machozi kwangu yako karibu. Nikapita njia ya mkato chini ya tenki. Njia ile jioni huwa na matope, kwa sababu mfereji ukishakuwa wa mtambo tenki linajaa mpaka linamwagika. Wote tunajua kuvua viatu pale. Siku ile nilikuwa nimeshavua viatu na kuvishika mkononi kabla sijagundua kwamba nimesimama kwenye vumbi.

Nikatazama juu. Tenki halikuwa linamwagika. Lilikuwa halijafika hata nusu.

Nikaufuata mfereji kwenda juu, viatu bado mkononi. Mlango wa kwanza wa maji ulikuwa umezibwa, mgomba upo mahali pake, udongo upo. Nikainama. Chini ya mgomba maji yalikuwa yanapita, uwazi wa kama vidole viwili, hayana kelele, yanaingia kwenye kitalu cha vitunguu cha mwenye mashine ya kusaga. Mlango wa pili vile vile, mbogamboga za mwenye duka. Wa yule mama mcheshi. Wa mwenyekiti, tena wa kwake alikuwa ameupanga kwa majani mazuri juu. Msimamizi wa mfereji saa ile huwa amekwenda kukamua ng'ombe wake, na kila mtu alikuwa anajua. Kila mmoja alikuwa amejiachia kidogo. Na hao hao ndio waliokuwa wanasimama barabarani kutafuta mwizi kwenye nyaya.

Kwenye bustani yetu nikamkuta bibi yangu ameinama, anasogeza mgomba kwa ncha ya fimbo.

"Bibi!"

Hakushtuka. "Kidogo tu," alisema. "Mboga zangu za figiri zinaungua na jua. Maji kidogo hivi umeme hauwezi kusikia."

"Na majirani je?"

"Nao wanachukua kidogo tu. Nawaona."

Siku ya kikao cha kumkatia fundi, ofisi ilijaa. Nilisimama nikasema mwizi hayuko kwenye waya, yuko mferejini.

"Mtaje!" walisema.

"Nianzie nyumbani. Bibi yangu."

Wakacheka sana. Halafu wakaona mimi sicheki. Nikasema milango yote niliyopita ilikuwa na uwazi chini. Sikutaja mwingine, lakini kila mtu alikuwa anatazama sakafu.

Mwenye mashine ya kusaga ndiye aliyesimama. "Huyu kashapewa soda na fundi. Kwanza wewe binti, jioni ulifuata nini mferejini? Isije ikawa ni wewe unayefungua."

"Hata mimi nimejiuliza," alisema mwenye duka.

Ndivyo ilivyo. Wakati mmoja nilikuwa mpelelezi wao, na kwa sentensi moja nikawa mshukiwa. Fundi alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango, anakunja na kukunjua kofia yake.

Nadhani mwenyekiti alikuwa anayafikiria yale majani yake mazuri. Mwisho akasema kabla ya kukata waya wa mtu tujaribu jioni moja kuziba vizuri. Hapo ugomvi ukaanza upya, maana hakuna aliyemwamini mwenzake azibe mlango wake mwenyewe. Wakakubaliana kwamba kila mtu azibe wa jirani yake. Yule mama mcheshi akasema, "Naomba niupate wa mwenyekiti," na hapo ndipo walipocheka kweli.

Jioni ile tuliziba kwa udongo wa mfinyanzi, tukikanyagia kwa miguu, kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Tenki likajaa, likamwagika. Mashine ya kusaga ikanguruma mpaka watu ndio waliochoka kusaga, siyo yenyewe. Waya wa fundi haukukatwa.

Nilidhani watu watakumbatiana. Hawakukumbatiana. Mpaka leo ikifika saa kumi na moja utawaona wazee wakitembea kandokando ya mfereji, mikono nyuma, kila mmoja akijifanya anapunga upepo, macho yake chini kwenye mgomba wa jirani. Wageni walikuja, wakatazama balbu, wakaandika, wakanywa chai. Mwenyekiti aliwaambia hatuombi bure, tunaomba bei ya mtu anayelima, na waya usiwe wa kutupitia tu vichwani kwenda kwa wengine. Wakasema watatujibu. Mwenye mashine ya kusaga anasema mmoja wao alikuwa anachekacheka, na yeye mtu anayechekacheka hamwamini. Fundi alimaliza lile geti. Mama yake hakunishukuru, ila nikipita ananiita nichambue naye maharage, na mimi nakaa.

Bibi ndiye aliyeninunia. Alinijibu salamu kwa kichwa tu. Figiri zake zilikuwa zimeinama, majani yamekuwa na kingo za kahawia, na hakuwa na nguvu ya kubeba maji kutoka mbali.

Jioni moja alipokwenda kwenye maombi nilichukua ndoo na bakuli. Sikwenda mferejini. Nilishuka mpaka chini ya mtambo, pale maji yanapotokea yakiwa yameshamaliza kazi yake na yanarudi mtoni, ambapo hayana zamu wala mwenyewe. Nikajaza ndoo, nikapanda nayo. Nikamwagilia tuta la kwanza, bakuli moja kila shina, polepole ili udongo unywe. Maji yakaisha kabla sijafika katikati. Nikajitwika ndoo tupu, nikashuka tena.