Pamba ya Chumbani kwa Mama Mkwe

Klara alikuwa mtu wa mawazo. Mumewe, Simeoni, humwambia, "Wewe mwili uko hapa Iramba, akili sijui iko wapi," naye hucheka tu. Msimu wa mavuno, mikono ikichuma pamba, yeye alishafika mbali. Anamwona mtoto wa watu asiowajua, nchi asiyoijua, amelala ndani ya kishati laini, anapumua. Pamba yenyewe bado imo kwenye kanga kiunoni, lakini mtoto kashavaa.

Hayakuja bure mawazo hayo. Enzi za ushirika, kabla soko halijafunguliwa, walipiga pamba dawa ya wadudu kama kila mtu, na Klara aliwahi kupiga akiwa mjamzito. Mimba ikatoka. Hakuna aliyemthibitishia kuwa ni dawa, ila moyo wake ulishakata shauri. Soko lilipofunguliwa wakaja wanunuzi wa kila aina, na kampuni moja ikataka, kwa bei ya juu, pamba isiyoguswa na dawa kabisa. Klara alijiandikisha kabla Simeoni hajamaliza kuuliza maswali. Wakapanda alizeti katikati ya pamba, wadudu wavutwe huko.

Mavuno wakayarundika chumbani kwa mama mkwe, ndicho pekee kisichovuja. Mchana Klara akipata upenyo hujilaza humo kidogo. Sauti za kuku zinakuja kwa mbali, mwanga wa dirishani unatua juu ya weupe ule, na mtu hajui kama amelala au yuko macho. Ilikuwa raha, asikudanganye mtu.

Siku moja amejilaza hivyo, pua ikamwamsha. Harufu ile aliijua, akamwita mama mkwe.

"Mama, humu umeweka nini?"

"Kunguni, mwanangu, wamenimaliza. Nimenyunyiza ile dawa ya unga ya kuhifadhia mtama. Kidogo tu."

Kidogo tu! Klara akalitazama rundo zima la pamba. Lakini amlaumu vipi? Nani akubali kuliwa na kunguni kwa ajili ya shati la mtu wa Ulaya?

Kesho yake akaja Aneth, bibi shamba wa kampuni, kukagua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Aneth akauliza kama anavyouliza kila nyumba: kuna dawa yoyote imeingia humu? Mama mkwe akatazama sakafu. Simeoni akamkazia macho mkewe, maana bati za nyumba zilikuwa zinategemea rundo lile. Klara aliona aibu, akaogopa, na yule mtoto akamjia, amelala, anapumua.

"Imeingia," akasema. "Ya kunguni."

Aneth alisikitika kweli, ila pamba hakuipokea. Simeoni akatoka kutafuta mnunuzi mwingine.

Basi pamba ikapelekwa kwa mnunuzi wa kawaida, kwenye lori lililoegeshwa barabarani. Njia nzima Klara alipanga namna ya kujieleza. Hakuna aliyemuuliza kitu. Ikapimwa, ikarushwa juu ya nyingine. Hilo lilimuuma kuliko kukataliwa. Akamfuata dereva.

"Kaka, hiyo ina dawa."

"Mama, pamba ni pamba."

"Sawa. Ila waambie huko inakokwenda, waifue kwanza kabla hawajamvika mtoto."

Dereva akasema atawaambia, akawasha gari.