Mayunga na Perege Waliodumaa

Kama kuna mtu aliyewahi kuwapenda samaki kama ng'ombe, basi ni Mayunga wa bwawa letu, ukishapita Mpui. Ng'ombe anawajua vizuri, maana wazazi wake walihamia Ufipa wakiswaga mifugo kutoka Shinyanga. Kijiji kilipochimba bwawa na kupandikiza perege, kilimkabidhi yeye alilinde. Jamani, alilinda!

Jumamosi vijana wa mtaa wa Majengo walikuja na ndoano zao kuvua kwa starehe tu, wakipiga picha na kula ugali kwa mkewe, mama Leonia. Sheria ya Mayunga ilikuwa moja: mkubwa chukua, mdogo rudisha. "Nani anachinja ndama?" aliwauliza. Aliyeficha hata kadogo alitimuliwa kwa fimbo, awe mtoto wa nani sijui.

Miaka ikaenda, perege wakazidi kuwa wengi na kuzidi kuwa wadogo. Vijana wakachoka, wakaacha kuja. Ndipo Adolfu, mwenyekiti wa kijiji, akasema mkutanoni kwamba msimu ujao, kama samaki ni hao hao, bwawa likaushwe watu walime mboga. Mayunga, mzee wa watu, alirudi nyumbani akashindwa hata kula. Lile bwawa lilikuwa ndiyo maisha yake.

Akaletwa Kalista, afisa uvuvi kutoka mjini Sumbawanga, binti mchangamfu mwenye wavu wa kukokota na ubao wa kupimia. Wakakokota kona hadi kona. Kila samaki alilazwa ubaoni, akapimwa, akarudishwa majini. Wote walikuwa wadogo, hata kiganja hawajazi.

"Baba, hawa wapunguzwe," Kalista akasema. "Tuwatoe wengi, kisha tutie kambale wawe wanakula vifaranga vya perege."

"Wee binti! Niwamalize watoto wote hawa?"

Kalista alichukua kaperege kamoja, akakafunua mdomo, na mayai ya manjano yakamwagikia kiganjani mwa Mayunga.

"Huyu si mtoto, baba. Ni mama mzima, ndivyo perege wanavyotunza mayai yao. Kadumaa kwa njaa, na bado anazaa."

Mayunga akakaa chini kwenye nyasi, mayai yakiwa bado mkononi.

"Malisho hayawatoshi," akasema mwishowe.

"Ndiyo hivyo, baba."

Na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mwingine angetafuta wa kumlaumu. Yeye mwenyewe aliwaita watu, waje na ndoo na makarai, akaingia majini akaukokota wavu kwa mikono yake huku machozi yanamtoka. Wengine walinong'ona kwamba mzee karukwa na akili. Siku ile kila nyumba ilinukia samaki, na baadaye kambale wakatiwa.

Mvua zilipopita, Kalista akarudi kupima, na Adolfu akaja kujionea. Wavu ulitoka mzito. Perege wa kwanza kulazwa ubaoni alikuwa mpana kama sahani. Adolfu akamnyanyua kwa mikono miwili, akaguna.

"Haya. Bwawa libaki."

Vigelegele vikapigwa! Mama Leonia alicheza mpaka khanga ikadondoka. Mayunga akajifuta macho, kisha akamvuta Kalista pembeni.

"Mwanangu, pale kwenye matete naona wadogo wameanza kujaa tena. Tunawatoa lini?"