Funga Macho

Mpaka leo nikilisikia neno "funga", damu hunichemka.

Mama alikuwa ameanza kuangukaanguka. Kaka yangu akaapa: kipimo cha hospitali kikionyesha hawezi kusimama, hatakaa tena peke yake nyumbani kwake Malindi, atamhamishia kwake Jilore, shambani, asikojua hata jirani. Mama aliolewa katika nyumba ile, akatuzalia mle mle. Haya.

Nikampeleka hospitali ya Kilifi mimi. Palikuwa na kibao kinachoyumba, na mbele yake skrini yenye nukta nyekundu. Nukta ile ndiyo yeye: akielemea kulia, nayo huenda kulia. Mpimaji, bwana mmoja wa bara, akamvika ukanda wa kumzuia asiumie, akamwambia aishikilie nukta katikati. Wallahi mama alisimama! Kibao chaenda huku na huku, naye kakaza macho kwenye nukta, ajirudisha polepole kama aliyejitwika ndoo ya maji. Nusura nipige vigelegele.

"Sasa funga macho," mpimaji akasema. "Tuone kama utasimama bila kuona."

Kwetu pwani macho hufumbwa. Kufunga ni kwa kitambaa. Mama akanitazama. Nami, mpumbavu mie, nikadhani ameingiwa na woga. "Fanya anavyosema, mama."

Akavuta leso yake begani, akainua mikono yote miwili kujifunga usoni. Kibao kikayumba. Mama wa watu akaning'inia kwenye ukanda, buibui limempanda magotini, mbele ya mwanamume asiye wake!

"Hukuona mikono iko juu?" nilimfokea. Angeonaje, macho yake yalikuwa kwenye kompyuta. "Rudia! Mwambie afumbe!"

Akasema wagonjwa wengine wanangoja. Akaandika: ameanguka, hakufuata maelekezo.

Hakufuata! Mle chumbani, aliyefuata maelekezo ni yeye peke yake. Nilimweleza kaka yangu mpaka koo likanikauka. Akanionyesha karatasi tu. Kwake karatasi haikosei, anayekosea ni mimi na kiherehere changu.

Majuzi nilikwenda Jilore. Nilimkuta mama kitini uani, hawamwachi hata ajichotee maji ya kutawadhia. Nilipoaga, akanishika mkono.

"Mwanangu," akaniuliza, "kwani ile leso sikuifunga sawasawa?"