Mama Isakwisa na Ulanzi wa Asubuhi

Mlevi wa sokoni Mwanjelwa anayejipenda hapiti mbele ya kibanda cha mchele cha Mama Isakwisa. Huzunguka kwa wauza mitumba, akaruka mtaro, akatokea upande wa pili, kwa sababu yule mama ana pua. Harufu ya bia ya jana anaikamata mtu akiwa bado anaegesha baiskeli, na akishaikamata haulizi tena mteja anataka kilo ngapi. Anauliza amemjua Yesu tangu lini.

Jina lake la ubatizo ni Tusajigwe, Mnyakyusa wa Rungwe, Mmoraviani tangu tumboni mwa mama yake. Mchele wake unatoka Ubaruku na hauna hata punje moja ya jiwe, hivyo wateja wanavumilia mahubiri. Siku moja alikuja bwana mmoja nadhifu akataka gunia zima, akasema kwa furaha kwamba ni la kupikia pilau kwenye baa yake mpya. Mama Isakwisa alilifunga gunia upya, fundo juu ya fundo, akamwambia mchele huo umeokoka. Dawa ya kikohozi aliirudisha duka la dawa baada ya mwanawe kumsomea maandishi ya Kiingereza ya kwenye boksi, kwamba ina kileo, akakohoa masika yote kwa moyo wa ushindi. Kanisani aliinuka akamwuliza mchungaji, mbele ya watu, ndani ya kile kikombe cha Meza ya Bwana kuna nini hasa. Tangu hapo usharika ule unashiriki kwa juisi ya rozela, na wanaosikitika wanasikitikia mioyoni.

Ukimtajia arusi ya Kana anakupa jibu kabla hujamaliza sentensi. Ile ilikuwa juisi. Zabibu zimekamuliwa saa ile ile na mkono wa Bwana mwenyewe, zingechachia wapi?

Lakini anayemcheka mama huyu amcheke taratibu. Alikuwa na kaka, Zabron, aliyechoma mkaa ili dada yake asome. Dada akasoma mpaka darasa la saba, na gongo ikampata kaka. Zabron alikuwa anakuja nyumbani anaapa kwa Biblia kwamba hajaonja kitu, chupa ikigongana na vifungo vya koti lake. Alikufa akimwita dada yake kwa jina la mtu mwingine. Ndiyo maana, wakati wasomi wetu wanarushiana mistari ya Biblia mitandaoni juu ya divai kidogo kwa ajili ya tumbo, Mama Isakwisa hana haja ya mstari. Ana kaburi.

Basi mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, mwanawe wa pekee, Isakwisa, ambaye ni seremala kule Mafinga, alimpigia simu. Alisema amepata mchumba. Mama akapiga vigelegele mpaka wauza nyanya wakasogea. Anaitwa Severina. Jina zuri. Walijuana alipokuwa anatengeneza mabenchi ya kigango cha Wakatoliki, msichana analeta chai. Mama alimeza mate, akasema hata Wakatoliki wanamjua Mungu kwa namna yao. Na wazazi wake je, wanafanya kazi gani? Hapo Isakwisa akaanza kusifia hali ya hewa ya Mufindi.

Baba yake Severina, Mzee Marcelino, alikuwa mgema. Ana shamba la mianzi bondeni, na kila masika anakata vichwa vya mianzi michanga, anatundika mbeta, ambazo ni vipande vya mwanzi vya kukingia, na ulanzi, utomvu wa mwanzi unaogeuka pombe, unadondoka humo usiku kucha. Kijiji kizima kinanywa kwake.

Mama Isakwisa alikaa juu ya gunia. Alisema wazi kwamba hatapeleka posa kwenye kilabu cha pombe. Isakwisa naye akasema, kwa sauti ya chini ambayo mama hakuwahi kuisikia kwake, kwamba bila Severina hataoa. Hakuwa anatishia, alikuwa anatoa taarifa tu.

Mzee Ezekia, mzee wa kanisa na mshenga wa familia, ndiye aliyetafuta njia. Aliongea na Marcelino kwenye simu jioni nzima. Tatizo lilikuwa moja: kwa akina Marcelino, Wahehe wa pale, mazungumzo ya uchumba hayafunguliwi mpaka wageni wamepokea ulanzi wa mwenyeji. Asiyepokea amekataa nyumba. Lakini, alieleza Marcelino, ulanzi si pombe saa zote. Ukitolewa alfajiri kwenye mbeta mpya ni mtamu kama soda, watoto wanakunywa kisha wanakwenda shule. Unakuwa mkali kadiri saa zinavyokwenda. Wageni wawahi tu, watakunywa mtamu, na wala dhambi haitapata nafasi.

Mama Isakwisa aliulizia jambo hilo kwa watu wa Iringa wanaokuja kununua mchele, wote wakasema ni kweli. Akakubali, ila akaweka wazi kwamba anakwenda kumtazama msichana, na kwamba neno la mwisho ni lake.

Marcelino alitimiza ahadi yake kama askari. Alfajiri ya siku yenyewe alishuka bondeni na mvua yake, akakinga kwenye mbeta mpya kabisa, akaujaza ulanzi kwenye ndoo nyeupe aliyoisugua kwa majivu. Wageni wakafika asubuhi bado mapema, wamelala Mafinga mjini ili wawahi. Salamu za kamwene zikapigwa, mikono ikashikwa. Marcelino alichota kopo moja, akaonja mbele yao kama mwenyeji anavyotakiwa, akalamba midomo. Ulikuwa mtamu kama asali ya kuchemshwa. Kilichobaki ni wageni kunywa.

Ndipo Mzee Ezekia aliposema, kabla ya yote, tuombe.

Sasa, Mzee Ezekia haombi kama watu wengine. Alianzia bustani ya Edeni. Alipitia safina, akakaa sana jangwani, akawaombea viongozi wa nchi mpaka ngazi ya kitongoji, akaombea barabara, mbolea na wagonjwa kwa majina. Kulikuwa na baridi ile ya Mufindi inayopenya mpaka kwenye meno, na Mama Severina, mwanamke mwenye huruma, aliona si vizuri wageni wanywe kitu cha baridi. Akanyanyua ndoo polepole, macho yamefumbwa nusu kwa heshima ya sala, akaisogeza karibu na jiko la mkaa. Ezekia alipofika kwa wajukuu ambao hawajazaliwa, akasema amina, na Mama Isakwisa akaanzisha wimbo wa beti zote. Marcelino akaona Wamoraviani wasije wakadhani Wakatoliki hawana sala. Naye akapiga magoti, akaanzisha rozari, fungu zima, na mkewe akaongeza litania ya watakatifu. Ezekia hakuweza kuliacha hivyo. Aliomba sala fupi ya kufunga, iliyochukua muda kuliko ile ya kufungua.

Na muda wote huo ndoo imekaa pembeni ya moto, inaanza kutoa vipovu.

Mchana umeshaingia ndipo wageni walipopewa makopo. Mama Isakwisa alinusa kwa pua yake maarufu. Pua ile ilijua bia, gongo na mbege, lakini ulanzi haijawahi kukutana nao, na ilikuwa imesikia habari njema tupu. Akanywa. Ukamchoma ulimi kidogo, akadhani ndio utamu wa kwao. Akamaliza kopo, akanyoosha mkono, akaongezewa. Wenyeji hawakugusa, maana ndoo ya kwanza ni ya wageni peke yao. Isakwisa alikuwa nje kama desturi inavyomtaka mwoaji, akijifanya anakagua bawaba za mlango wa banda la mbuzi.

Kopo la tatu lilimkuta mama akisema kwa sauti kwamba Wahehe wameficha juisi hii kwa uchoyo na serikali ingefaa iulizwe. Masikio yakapata joto. Paa la nyumba likaonekana zuri. Alimtazama Mzee Ezekia akaona kidevu chake kinateleza kuelekea begani, jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa naye kanisani hakuwahi kuligundua, akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

"Mzee wa kanisa," akamwambia, "kumbe una sura nzuri ya kuchekesha watoto. Umeificha kwa nini?"

"Mama Isakwisa, mimi ni mzee wa heshima," Ezekia akajibu kwa utaratibu mkubwa, kisha akakaa chini mahali ambapo hapakuwa na kiti. Kuku aliyekuwa ameatamia hapo alitoka mbio akilalamika nyumba nzima.

Severina aliitwa aje kuonekana. Mama alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku, akatangaza kwamba mtoto huyu ana macho ya mtu asiyeweka mawe kwenye mchele. Akasema ndaga fijo, asante sana ya kwao, kwa Mungu, kwa Marcelino, kwa mbuzi wanaolia nje. Alisema amekubali kabla hajaulizwa. Alipoulizwa akakubali tena, akaongeza kwamba wakitaka wamchukue na Isakwisa wabaki naye kabisa. Kisha akaimba sauti ya pili ya kwaya bila ya kwanza, akicheza na Mama Severina katikati ya sebule, wawili hao wameshikana viuno kama mabinti wa shule. Usingizi ulimchukua akiwa ameegemea ukuta, tabasamu liko palepale.

Marcelino alichota kijiko kilichobaki ndoo ikiwa karibu kukauka. Akaonja. Akaitazama ndoo, akalitazama jiko, akamtazama mkewe. Mkewe akamfinya paja na kumwonyesha kwa macho kwamba anyamaze, mambo yameisha vizuri, binti ameposwa.

Asubuhi iliyofuata Mama Isakwisa aliamka na kichwa kinachogonga kama kinu. Alidhani ni baridi. Alikuta watu wamekaa sebuleni, hakuna chai mezani, hakuna uji, na Marcelino amevaa koti lake la kanisani.

"Mama," Marcelino akasema, "jana ulikunywa pombe. Ilichacha pale karibu na jiko. Hatukukusudia, ila kosa ni la nyumba hii."

Alieleza kwamba wanywaji wa pale wana sheria moja: neno lililosemwa baada ya ulanzi halihesabiwi, liwe la shamba, la ng'ombe au la binti. Mwenye neno anasubiriwa mpaka asubuhi, kinywa kikiwa hakijapita kitu, ndipo anaulizwa upya. Akikana, hakuna wa kumdai. Kwa hiyo kule kukubali kwa jana hakupo. Yuko huru.

Upande wa jikoni sufuria ilianguka. Ilikuwa mkononi mwa Severina.

Mama Isakwisa alisimama. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akaiona Mwanjelwa yote imejipanga kumtazama: mwenye baa na gunia lake, mchungaji na rozela yake, walevi wote waliokuwa wanaruka mtaro kwa ajili yake. Akauliza mkoba wake uko wapi. Akafika nao mlangoni. Alitaka kusema kwamba alijua tangu mwanzo, nyumba ya pombe ni nyumba ya pombe. Badala yake akasimama pale pale kizingitini.

Maana alikuwa anamtazama yule mzee na koti lake. Angeweza kukaa kimya. Jana alikuwa ameshinda, na hakuna Mnyakyusa hata mmoja ambaye angejua. Zabron aliapa kwa Biblia maisha yake yote, na hakuwahi hata mara moja kumwambia dada yake ukweli juu ya pombe. Huyu mnywaji amesema ukweli wenyewe, na unaweza kumkosesha binti yake mume.

Akaweka mkoba chini. Akamwuliza Marcelino kama yeye hunywa kila siku.

Marcelino akasema ni kopo moja jioni, na sala, na kulala. Siku akiona mkono unataka la pili kabla ya moyo, anapumzika wiki.

"Nilisikia mnasema Kana ilikuwa juisi," akaongeza kwa upole. "Mimi nashangaa tu. Mkuu wa meza alisifu kitu gani hasa?"

"Usinianze asubuhi, mkwe."

Watu wakatazamana. Neno mkwe lilikuwa limetoka peke yake, na kinywa kilikuwa kikavu.

Mama Isakwisa alikaa. Akasema, akihesabu maneno kama mtu anayepima mchele wa mgonjwa, kwamba ule ulanzi ulikuwa mtamu na jana alifurahi kuliko alivyofurahi tangu amzike kaka yake, na hilo ndilo linalomtisha. "Wewe unajua kuacha. Zabron hakujua. Mimi sijui niko upande gani, na sitaki kujaribu. Miaka yote hii nilikuwa nasema nimeacha, kumbe sikuwa nimeacha kitu, maana sikukijua. Leo ndiyo naacha."

Marcelino akaitika kwa kichwa, akasema huo ni uamuzi wa mtu mzima na nyumba yake itauheshimu. Yeye jioni atakunywa kopo lake na atamshukuru Mungu yule yule. Mama akasema amshukuru kwa kifupi.

Wakamwita Isakwisa. Aliingia na maranda ya mbao kwenye nywele, maana kwa wasiwasi alikuwa ameshatengeneza upya mlango wote wa mbuzi. Akasimama katikati ya sebule bila kujua amtazame nani.

"Mwanangu," mama yake akasema, "nimekubali. Ya jana ilikuwa ya ulanzi. Hii ni yangu."

Mama Severina alipiga kigelegele kilichomwamsha Mzee Ezekia kule chumbani. Severina alitoka jikoni akiwa bado ameshika mfuniko wa sufuria, akapiga magoti kumwamkia mama mkwe, na mama mkwe, akijishika kichwa kwa mkono mmoja, akamwomba uji mwepesi, usio na sukari, na kama kuna mtu anaweza, awaambie wale mbuzi wapunguze sauti.