Konokono Mwenye Kinanda

Fundi saa alikuwa amemwangusha konokono wa mchezo wa simu darajani mara tisa. Kama angemwangusha tena, safari ya wiki nzima ingeanza upya.

"Baba, macho yako yamestaafu kabla yako," bintiye alisema. "Niachie mimi."

"Subiri, mwanangu. Mwenda pole hajikwai."

Mchezo wenyewe ulikuwa kituko: konokono alivaa kofia na kubeba kinanda mgongoni, kikipiga wimbo mtamu njia nzima. Fundi aliinamisha sikio juu ya simu, kama afanyavyo kwa saa inayochelewa, akafumba macho. Kumbe kila mlio wa nne, ubao wa daraja uliokuwa ukichomoka ulirudi mahali pake. Alihesabu, akabonyeza. Konokono akavuka.

"Haya, nifundishe," binti akasema, naye akafumba macho.